Uchunguzi Unaendelea, Keki Iko Jikoni

Jamani, mimi sina makuu. Sidai ghorofa, sidai gari, na hata konda asiponirudishia chenji yangu ya mia mbili nashuka kimya kimya na heshima zangu. Ninachodai ni kimoja tu: mtu akianza kunisimulia jambo, alimalize. Basi. Lakini kwa nyumba hii ninayoilipia kodi mwenyewe, naona nimeomba kitu kizito kuliko mkopo wa benki.

Tuanze na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maana ndiyo starehe pekee iliyobaki ambayo daktari hajanikataza. Ghala la magodoro limeteketea. Naona moshi, naona vijana wanaokoa magodoro kwa kuyapeleka moja kwa moja majumbani kwao, namwona kamanda kasimama mbele ya rundo la maiki anasema thamani ya mali haijajulikana, chanzo cha moto hakijafahamika na uchunguzi unaendelea. Sawa. Mimi ni mtu mzima, najua uchunguzi hauivi kwa jioni moja. Kesho yake nakaa mapema, nimeshanawa, nimekunja miguu kwenye kochi: habari ya kwanza ni kisima. Keshokutwa, semina elekezi. Mtondo, kisima kingine. Ghala? Limeishia pale pale kwenye moshi. Kuna chunguzi za nchi hii zilianza mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Zingekuwa watoto, zingeshapiga kura mara mbili na kuoa.

Na hicho kisima nacho kina mambo yake. Karibu habari yote ni meza kuu: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na chupa za maji ya dukani zimepangwa mbele ya wageni waliokuja kuzindua maji. Anasimama wa kwanza anamtambua wa pili, wa pili anamtambua wa tatu, mwishowe anatokea mwenye busara zake anasema "itifaki imezingatiwa", halafu anaanza kuizingatia upya, mmoja mmoja. Wananchi wanatakiwa kukitunza kisima. Wananchi wanaaswa. Wananchi wanapewa wito. Kisima chenyewe nakuja kukiona mwisho kabisa: bomba moja, ndoo ya njano, mkono wa mama mwenye kanga unafungua koki, na kabla tone halijagusa ndoo, tunahamia michezo. Sasa mimi nitajuaje kama yalitoka?

Masika ndiyo usiseme. Msimbazi ukifura, Jangwani hapapitiki, Barabara ya Morogoro inafungwa, na kila kituo kinamtuma kijana wake akasimame ndani ya maji. Hivi ni lazima aingie? "Kama mnavyoona nyuma yangu, maji ni mengi sana." Tunaona, mwanangu, toka humo, kuna mashimo! Haskii. Anamsogelea mzee wa watu, redio iko kichwani, godoro liko begani, anamsukumia maiki mdomoni: "Mzee, unajisikiaje?"

Mzee akamwangalia. Akasema, "Nimelowa."

Hiyo ndiyo taarifa pekee iliyokamilika niliyoisikia mwaka ule.

Vijana wa televisheni za kwenye simu wao wamekuja na utaalamu wao. Herufi kubwa, nyekundu: KIMENUKA! AFUNGUKA MAZITO! HIKI NDICHO ALICHOKISEMA! Alisema nini? Fungua uone. Unafungua, bando lako linateketea, anatokea kijana anakukumbusha ubonyeze kengele ili usipitwe. Nisipitwe na nini, na wewe hujasema kitu? Kijana anaeleza kwamba ataeleza. Mhusika mwenyewe anakuja kuonekana mwishoni, ndani ya gari, kioo nusu, anasema, "Siwezi kulizungumzia kwa sasa." Na misibani je! Siku hizi ukienda kumzika mtu mwenye jina, kaburi limezungukwa na simu, wafiwa wako safu ya nyuma wanachungulia. Juzi juzi nimemsikia kwa masikio yangu mmoja anamwambia mwenye koleo asogee kidogo, anaziba picha.

Ndiyo maana sisi wa zamani tukinung'unika msituite washamba. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na matangazo ya vifo. Chekeni tu, lakini zile zilikuwa habari zilizokwenda shule. Nani kafariki, kafia wapi, anazikwa lini, kijiji gani. Habari ziwafikie mjomba wake wa Kondoa, shangazi yake wa Tukuyu, na kaka yake popote pale alipo. Hakuna cha kutofahamika. Marehemu amefariki, maziko Alhamisi, wa kuja aje. Bibi yangu kule Pangani aliyasikiliza yote, akamlilia kila marehemu kidogo kidogo, hata wa Tukuyu ambako hakuwahi kufika, kisha akajifuta na ncha ya kanga akarudi kwenye chungu chake. Alikuwa ameelewa kila kitu.

Sinema nazo zilikuwa na mwisho. Dar hii ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, na ile ya kuingia na gari kule Msasani, Drive-in, iliyofunguliwa 1966. Watu walikwenda familia nzima na mabakuli ya pilau, watoto wameshavalishwa nguo za kulalia ili wakirudi wamwagwe kitandani tu. Asiye na gari alijibanza kwenye la jirani. Filamu ya Kihindi, masaa matatu: ndugu wanapotezana utotoni, mmoja anakuwa polisi, mwingine jambazi, mama anapofuka kwa majonzi. Lakini utulie, maana mwisho mama ataona, ndugu watatambuana kwa wimbo ule ule waliofundishwa wadogo, adui atapigwa mpaka atubu, na wewe unakwenda nyumbani hudai wala hudaiwi. Na stelingi hafi! Stelingi akifa, kuna watu walikuwa wanadai kurudishiwa kiingilio. Kile kiwanja cha Msasani sasa kina ubalozi wa Marekani. Zamani tulikwenda pale pale kuwatazama Wamarekani bila viza.

Televisheni kwetu bara ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi mpaka 1994. Tukaifurahia, tukapandisha antena juu ya minazi, tukaajiri watoto wa kuzizungusha ("hapo hapo! rudisha kidogo! umeharibu!"). Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 wakazima mitambo ya analojia hapa Dar. Antena yangu ikabaki kiti cha kunguru, nikanunua king'amuzi. Niliahidiwa picha safi, na kweli ni safi: kifurushi kikiisha, lile tangazo la kunitaka nilipie naliona herufi kwa herufi.

Halafu zikaja filamu zetu wenyewe kwenye diski, nikasema sasa tumekombolewa. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatafuta viatu. Geti linafunguka, gari linaingia, linatafuta kivuli, dada anashusha mguu wa kwanza, anashusha wa pili, anafunga mlango, anakumbuka mkoba, anafungua tena. Kinanda kinalia. Umeshakunywa chai vikombe viwili na hakuna aliyesema neno isipokuwa mlinzi, kasema shikamoo. Filamu inakuja kuchangamka pale baba anapovua miwani ili ataje mzazi halisi wa mtoto, na hapo hapo: usikose sehemu ya pili. Sehemu ya pili ni diski nyingine, inauzwa peke yake. Nikakimbia dukani kwa Mangi. Mangi ana rundo zima la sehemu ya kwanza. Mpaka leo yule mtoto, kwangu mimi, hana baba.

Afadhali zile za kutafsiriwa, tangu enzi za mtafsiri Lufufu na mikanda ya VHS. Mtu mmoja sauti zote: stelingi yeye, adui yeye, bibi harusi yeye, mbwa yeye. Mchina anaruka ukuta, anatua, anasema anawahi gari la Manzese. Unakaa kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, jasho linakutiririka mpaka soksi, lakini huondoki na swali. Kabla hujauliza huyu kauawa kwa nini, ulishaambiwa, na ulishaambiwa pia kwamba alijitakia. Mwisho unaelezwa mara mbili kwa faida ya aliyekuwa amesinzia. Huyo ndiye alifaa kusoma taarifa ya habari. Angesema, "Ghala hili, ndugu watazamaji, kachoma shemeji, mnamwona yule mwenye shati la mistari? Mkumbukeni, mtakutana naye mbele."

Sasa nyumbani kwangu wanatawala Waturuki. Mama watoto ana tamthilia yake, imetiwa sauti za Kiswahili, na saa yake, kwa mipango ya ibilisi, ni saa mbili usiku ile ile. Mabwana wenye vilemba na upanga kiunoni wanaongea Kiswahili laini cha Unguja, wanaombana radhi kwanza ndiyo wanatiliana sumu. Nyumba imeambukizwa. Narudi kutoka kazini nimechoka, mikono imejaa mafuta ya mashine, naulizwa, "Mtukufu, umecheleweshwa na lipi?" Kuna mama mkwe humo ndani hajawahi kucheka, hajawahi kupika, kazi yake ni kusimama nyuma ya pazia. Na kila Ijumaa, mkono ukishainuliwa kumpiga mtu kofi, picha inaganda. Jumamosi na Jumapili kofi liko hewani. Wanawake wa mtaa mzima wanakaa barazani kwangu, wanachambua mchele na kujadili kofi ambalo halijatua.

Nikihamia jikoni kutafuta amani, nako kuna ofisi. Binti yangu wa pili kamaliza chuo, anasubiri ajira, na akiwa anasubiri anaoka keki za oda. Sikatai, kazi ni kazi, na mimi ndiye muonjaji mkuu nisiye na mshahara. Ila utaalamu kajifunzia kwenye simu, kwa mama mmoja wa Marekani mwenye jiko lisilo na hata sufuria moja iliyoungua. Yule mama anasema siagi iachwe mezani ilainike kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Februari, Dar es Salaam, chumba chetu kina nyuzi 32. Siagi ukiiacha mezani ukaenda kufungua mlango, ukirudi unaikuta inashuka mguu wa meza. Na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa hata uipige na sukari mpaka bega liteguke. Keki inatoka bapa, unaweza kuitumia kuzibia dirisha.

Kisha yule mama anasema: oveni nyuzi 350. Binti akazungusha kitufe, akazungusha, kikagoma kwenye 250.

"Baba, oveni yetu fupi."

Nikavaa miwani. Kumbe Wamarekani wanapima joto kwa Farenhaiti. 350 zao ni kama 177 zetu. Mama wa watu hakusema. Wala haonyeshi katikati. Mkono wake unafunga mlango wa oveni, papo hapo unafungua, keki imeumuka, inang'aa, na yeye kabadili blauzi. Zile dakika arobaini alizozikata ndizo zilizonifikia mimi, kwa njia ya LUKU. Kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Nalipa mimi, anatumia yeye, na mita inalia usiku kutukumbusha mgawanyo huo wa kazi.

Na hizo keki zenyewe! Watu siku hizi hawataki keki ya duara. Wanataka mkoba, kiatu, jezi ya Simba, jezi ya Yanga, maburungutu ya noti. Nimeona mtu mzima na ndevu zake anatafuna zipu. Harusini nako keki ina ghorofa kuliko nyumba yoyote ya mtaani kwetu, MC anaipigia kelele nusu saa, kisha wewe mchangiaji unaletewa kipande cha ukubwa wa dadu kimechomekwa kijiti cha kuchokolea meno. Wachaga hapo wametuzidi akili. Keki yao ni ndafu: mbuzi mzima kabanikwa, kasimamishwa na majani mdomoni, na ukishapewa chako unajua umekula.

Juzi umeme ukakatika keki ya oda ikiwa ndani. Pembeni imeumuka, katikati uji. Binti akaanza kulia, mama yake akaanza kulia (yeye kwa sababu ya kofi), na mtaa mzima ukatoa ule mguno wa pamoja. Nikawaambia tulieni, nyumba hii ina mjukuu wa mwoka mkate wa mayai. Nikawasha jiko la mkaa. Sufuria kubwa, mchanga vidole viwili chini, kopo la keki juu ya mchanga, mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko makaa ya moto, machache, yaliyokwishavaa jivu, maana makali yanaunguza uso kabla tumbo halijaiva. Hivyo ndivyo bibi alivyooka Pangani, bila nyuzi za mtu yeyote. Kisha nikachomoa chelewa kwenye ufagio mpya, nikaiosha, nikaichoma keki katikati. Ikatoka na uji. Tukarudisha mfuniko. Nikachoma tena baadaye, ikatoka kavu. Mnaona? Chelewa haina msemaji wala mkutano na waandishi. Imeiva, haijaiva, kwaheri.

Mwenye oda akaja kuichukua. Kijana mtanashati, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nikakitazama, moyo ukaruka: mwandishi wa habari! Nikatazama uso: ndiye yule yule aliyekuwa kwenye moshi wa magodoro! Nikamkalisha kwenye kochi, nikamletea kile kilele cha keki kinachokatwa ili keki ikae sawa, kitamu kuliko keki yenyewe, na soda baridi kutoka kwa Mangi. Umeme ulikuwa umesharudi, mama watoto kaganda kwenye Waturuki wake.

"Mwanangu," nikasema, "nimekungoja sana. Lile ghala, moto ulianzia wapi?"

"Aa, mzee wangu, siku ile ilikuwa zamu yangu tu. Kesho yake nilipelekwa kisimani."

"Kile cha ndoo ya njano?"

"Hicho hicho."

"Haya. Maji yalitoka?"

Akatafuna, akameza, akaangalia dari. "Mzee, msafara ulikuwa unaondoka, na mimi nilikuwa nimepewa lifti."

Nikaishiwa nguvu. Yeye wala. Akaelekeza kijiko kwenye televisheni, akamwambia mama watoto kwa moyo mweupe kabisa, "Shikamoo mama, na wewe unaitazama hii? Mimi nimeimaliza yote kwenye simu. Sasa huyu mama mkwe unayemwona hapa, mwishoni..."

Mama watoto aliruka. Mwanamke anayelalamika magoti tangu mwaka jana aliruka kutoka kwenye mkeka mpaka mlangoni, kaziba masikio kwa viganja, anapiga kelele jirani wakadhani nyoka. "Wee! Ishia hapo hapo! Mtoe! Baba watoto, mtoe nje na keki yake!" Mwandishi akatolewa na sahani mkononi, na mimi nikatolewa naye, eti ndiye mgeni wangu. Fikirieni wenyewe. Mimi naomba mwisho wa jambo lolote, hata la kisima, sipewi. Yeye kaletewa mwisho sebuleni, bure, na mtaalamu mwenye kitambulisho, kaukimbia.

Tukakaa barazani wawili, mbu na sisi. Kijana alikuwa na aibu, na tena alitaka punguzo la bei ya keki. Akanisogelea sikioni akanisimulia Waturuki wote, kuanzia pale walipofika mpaka mwisho kabisa: nani anamnywesha nani, mtoto ni wa nani, pazia linafunguliwa na nani, kofi linatua kwa nani. Hakuruka kitu. Kumbe anaweza! Nikampunguzia elfu tano kutoka kwenye mfuko wa binti yangu.

Tangu siku hiyo, ikikaribia saa mbili nakaa zangu kwenye kochi, nakunja miguu, nakohoa kidogo, nasema peke yangu, "Maskini yule mama mkwe, laiti angejua..." Rimoti inatua mapajani kwangu bila neno. Ijumaa ilikuja na chai.